Wimbo Ukirudiwa Ukampita Mwenyewe

Huku Busia, kuanzia Busibwabo hadi Malaba mpakani, wimbo wa zamani haufi. Mpiga kinanda wa harusini huuchukua, akauongeza mwendo, na kijana anayeucheza hana habari ni nani aliyeuimba mwanzo. Mara nyingine huyu wa pili humfunika kabisa wa kwanza.

Chukua Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939. Helule Helule yake ilirudiwa mwaka 1968 na The Tremeloes, kundi la Uingereza, ikafika nambari 14 katika chati za huko. Kwa mauzo Waingereza walishinda. Kwa utamu, hapana. Gita la Kabaka linacheka. Lao linakimbia tu.

Malaika ni habari nyingine. Fadhili William, kijana wa Taita, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba katika albamu yake na Harry Belafonte ya mwaka 1965, na tangu hapo wengi ulimwenguni wanadhani ni wake. Boney M. waliufuata mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Makeba anateleza kwenye Kiswahili, na mtu wa Mvita husikia mara moja. Hata hivyo, sauti ile imeupandisha wimbo pale ambapo Fadhili hakuufikisha. Kwangu mimi, amempita.

Jambo Bwana ya Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms wa Mombasa nayo ilichukuliwa na Boney M., mwaka 1983. Hapo sioni walichoongeza.

Na sisi wa pwani tusijitakase. Marehemu Juma Bhalo alizitia tuni za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili, tena mazito, na nimewahi kumsikia mzee akiapa kwamba Wahindi ndio waliomuiga Bhalo!

Lakini sifa ni kitu kimoja na mali ni kingine. Anayerudia wimbo ana haki juu ya rekodi yake. Maneno na tuni hubaki vya mtunzi, naye ndiye wa kuombwa ruhusa na kulipwa. Sheria ya Kenya humlinda maisha yake yote, na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Kabaka na Fadhili wote walifariki mwaka 2001, kwa hiyo haki za tungo zao zafika mwisho wa mwaka 2051. Mpiga kinanda wetu akirekodi Helule Helule na kuiuza, kuna warithi wanaodai.

Kwa Malaika swali ni warithi wa nani. Adam Salim wa Tanzania alidai ni utungo wake. Grant Charo na Lucas Tututu wa Mombasa nao wametajwa. Makeba aliufanya wimbo kuwa na thamani ya kugombaniwa, lakini fedha zake ni za mtunzi, na jina la mtunzi huyo bado linabishaniwa.