Mrashi wa Ua, si Tunda Bandia

Waridi mwitu la Uhabeshi, Rosa abyssinica, ndilo waridi la asili la Afrika ya kitropiki. Humea nyanda za juu za Ethiopia na ng'ambo ya bahari huko Yemen, huchanua maua meupe ya petali tano, kisha huacha kidude chekundu kinacholiwa. Orodha za istilahi zitungwazo vikaoni hukiita "tunda bandia", jina la kukashifu lisilobainisha kitu. Bandia ni cha kughushi, na mwaridi haukughushi chochote. Matunda yake halisi yamo ndani, vitunda vikavu vya mbegu mojamoja. Kinachoonekana nje ni ukuta wa ua uliotuna, ule uliobeba sepali, petali na stameni ukingoni mwake. Wengine, wakikifuata Kigiriki neno kwa neno, huuita ukuta huo "chini-ua", jambo ambalo sikio la Mswahili halilikubali.

Nami nasema mrashi. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu, rashsha, kunyunyiza. Ndugu yake ni marashi, na marashi yetu ya kale ni maji ya mawaridi, yale yanayokenekwa Jabal Akhdar, Oman, hadi leo. Mrashi ndicho chombo cha kuyanyunyizia, tumbo la mviringo, shingo nyembamba kama kidude cha waridi: kipo katika maulidi na harusi, kamati ikakipita bila kukitazama. Watasema chombo cha nyumbani hakiifai sayansi. Mbona Kilatini kiliiita nyonga pelvis, yaani beseni, na hakuna daktari aliyelalamika? Hoja nzito ni ya karafuu. Msomaji wa Shumba, Micheweni, kisiwani Pemba, asiyefikiwa na waridi mwitu, ataniuliza: mguu wa karafuu, ulio kiungo hichohicho, una umbo la msumari, mrashi uko wapi? Ni kweli, lakini istilahi huzaliwa na umbo ikakua kwa nafasi, na ukingoni mwa mguu huo ndipo zilipo sepali nne, petali na stameni. Zaidi ya hayo, karafuu huchumwa ingali tumba. Tunda halijawa, la kweli wala la bandia, kwa hiyo istilahi ya vikaoni hapo haina pa kushika. Mrashi unashika, tena unatengana wazi na kikonyo, kama wachambuaji wa Pemba wanavyotenga karafuu na makonyo yake. Matumizi ni mepesi: mrashi wa waridi, mrashi wa karafuu, wingi mirashi.