Nani Alitangulia Kuigusa Kompyuta?

Binti wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, anaweza kufaulu hisabati, akachaguliwa kusomea kompyuta chuoni, na wiki ya kwanza tu akajiona mgeni. Wavulana wa mjini wanaijadili mashine waliyoizoea tangu utotoni. Mwalimu akiuliza nani hajaelewa, hanyooshi mkono. Polepole anaamini kwamba fani hii haikuumbiwa yeye. Imani hiyo ina historia, tena ya juzi juzi.

Marekani ilipoizindua kompyuta yake ya ENIAC mwaka 1946, walioipangia hesabu zake ni wanawake sita, wakiwemo Kay McNulty na Betty Jennings. Kazi yenyewe ilidhaniwa ni ya ukarani, ndiyo maana walipewa wao. Kufikia 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 ya wahitimu wa sayansi ya kompyuta nchini humo. Baadaye wakashuka hadi kama 18. Akili zao hazikupungua. Kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama michezo ya wavulana, wazazi wakaziweka vyumbani mwa watoto wa kiume, na vyuo vikafundisha kana kwamba kila mwanafunzi ameizoea kompyuta kwao.

Pwani yetu ilipitia njia nyingine. Shule ya Wajerumani iliyofunguliwa Tanga miaka ya 1890 iliwaandaa wavulana kuwa makarani, na ofisi ikawa ya wanaume. Baada ya uhuru wanawake wengi waliingia humo kwa mlango wa taipu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974, baada ya hasara, serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilipoisha na kompyuta kuenea miaka ya 1990, katibu muhtasi aliyepiga taipu kwa vidole vyote bila kutazama aliwekewa kompyuta mezani ili aendelee kuandika barua za mkubwa. Kuipangia mashine kazi akaitiwa kijana wa kiume. Nasikitika kila nikifikiria wanawake wale, maana hakuna aliyekuwa karibu na kompyuta kuliko wao.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kimeonyesha kwamba hali hii hurekebishika. Mwaka 1995 wasichana walioingia humo kusomea kompyuta walikuwa asilimia 7. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi, wakagundua kwamba uzoefu wa nyumbani ulikuwa ukihesabiwa kipaji. Chuo kikaacha kuupa uzito katika kudahili, kikaweka masomo ya kuanzia kwa wasio nao. Mwaka 2000 wasichana wakawa asilimia 42.

Hapa Tanzania, Carolyne Ekyarisiima alianzisha shirika la Apps and Girls mwaka 2013, ili wasichana wajifunze kuandika programu wangali shuleni. Wilaya ya Pangani, kwao binti yule wa Ushongo, nayo inastahili nafasi kama hiyo: chumba cha kompyuta kinachofunguliwa jioni, na zamu ya wasichana ibandikwe mlangoni, kwa sababu pasipo zamu viti hujaa wavulana kabla dada zao hawajamaliza kuchota maji.