Sindano iliyowakakamaza wagonjwa wa figo

Siku ya Figo Duniani, ambayo huadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya Machi, ilianza 2006. Mwaka huo huo daktari wa Austria, Thomas Grobner, alitoa ripoti fupi ambayo kila mtu mwenye figo dhaifu anafaa kuifahamu kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya MRI.

Mwanzo wa MRI unajulikana: Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza 1973, na 2003 akapata Nobel pamoja na Peter Mansfield. Mnamo 1988 Marekani ilikuwa imeidhinisha dawa ya gadolini, ambayo hudungwa mshipani ili picha ing'ae. Dawa ya iodini ya CT scan iliogopwa kwa kuumiza figo, kwa hivyo wagonjwa wa figo wakapewa gadolini, wakiambiwa ni salama.

Kuanzia 1997, huko California, baadhi ya watu waliokuwa wakisafishwa damu walikakamaa ngozi. Mikono na miguu ikawa migumu kama ubao, magoti yakakataa kukunjika, wengine wakaishia kwenye viti vya magurudumu. Chanzo hakikujulikana kwa takriban miaka 9. Ndipo Grobner akawapitia wagonjwa wake 9 waliodungwa gadolini, akakuta 5 wameugua, wiki 2 hadi 4 baada ya sindano. Figo nzima huitoa gadolini kwa mkojo. Figo iliyochoka huiacha izunguke mwilini. Mwaka 2007 Marekani ilitaka onyo kali liandikwe kwenye dawa hizo. Aina zinazotumika sana leo zina hatari ndogo mno.

Njia nyingine ilikuwepo tayari. Mnamo 1996, Pottumarthi Prasad na wenzake wa Boston walipima oksijeni ndani ya figo kwa MRI bila sindano ya rangi, kwa sababu damu iliyopoteza oksijeni huvuruga sumaku yenyewe. Waliwapa watu furosemidi, ile Lasix tunayoijua, na sehemu ya ndani ya figo ikapata nafuu ya oksijeni kwa kuwa kazi yake ilipungua.

Hapa Kenya, kaunti zetu zilianza kukodishiwa mashine za kusafisha damu 2015, na zimeokoa maisha. Inasikitisha kwamba tunagharimia zaidi figo zilizokwisha kufa kuliko kuzichunguza zingali hai. Aliye na presha au kisukari apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kila mwaka, na anayeandikiwa MRI ya sindano aulize kwanza kreatinini yake ni ngapi.