Kikombe cha Mgonjwa

Ukilazwa hospitalini hapa Nairobi, kuna vitu huhitaji kuagiza. Vitakuja vyenyewe. Kuna chupa ya Lucozade, kuna pakiti ya juisi, na kuna themosi ya uji ambayo mtu ameipakata kwa matatu kutoka Kayole kama mtoto mchanga. Kabla ya saa za wageni kuisha, meza yako ndogo imejaa vinywaji na wewe huna hata hamu ya maji.

Mwaka jana nililazwa siku sita. Nilipotoka, daktari alinipa agizo ambalo watu wangu hawakulielewa: wiki nane bila kutafuna chochote. Hakuna ugali, hakuna chapo, hata ndizi mbivu hapana. Ni unga wa kopo unaokorogwa na maji, vikombe saba kwa siku, basi. Ugonjwa wenyewe unaitwa Crohn. Kinga ya mwili inashambulia utumbo, utumbo unavimba, unapata vidonda, na baada ya miaka unaweza kuwa mwembamba mahali fulani hadi chakula kinakwama. Hauponi. Unatulizwa tu, na ukiamka tena unatulizwa upya. Njia zingine nilizokuwa nazo zilikuwa steroidi, ambazo zilishanivimbisha uso nikawa sijitambui kwa picha, au kisu.

Anti yangu alisikiliza maelezo yote bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Sawa. Lakini utakula nini?"

Nikamwonyesha kopo.

"Hiyo ni ya kunywa. Mimi nimeuliza utakula nini."

Usimcheke. Kwa Kiswahili uji unanywewa, na dawa pia inanywewa, hata ikiwa ni tembe. Mgonjwa anayekunywa tu, kwa sikio la Anti, bado hajala. Na swali lake, kama kilicho ndani ya kikombe ni chakula kweli, limewahangaisha watu wengi wenye vyeo na vyeti, na wengine walipolijibu vibaya watu waliumia.

Tuanze na hiyo Lucozade. Ilitengenezwa mwaka 1927 na mfamasia William Walker Hunter huko Newcastle, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kula. Mwanzoni iliitwa Glucozade, jina likabadilishwa mwaka 1929. Kwa zaidi ya miaka hamsini iliuzwa Uingereza kama kinywaji cha wagonjwa, hadi miaka ya 1980 ilipogeuzwa kuwa ya wanamichezo. Huko ikahamia uwanjani, hapa kwetu ikabaki wodini. Ni sukari na maji. Inakupa nguvu za muda mfupi, lakini haina protini wala mafuta, na mtu hawezi kuishi juu yake wiki nane.

Kabla yake kulikuwa na supu ya nyama. Mwaka 1847 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza jinsi ya kukamua kiini cha nyama, akiamini kwamba nguvu ya ng'ombe mzima inaweza kuingia kwenye kijiko. Mwaka 1865 kampuni yenye jina lake ilianzishwa London, kiwanda chake kikiwa Fray Bentos, Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi na nyama haikuwa na bei. Zilihitajika takriban kilo 30 za nyama kutoa kilo moja ya ule mchuzi mzito mweusi. Hospitali zikaununua na mama wa nyumbani wakaununua. Wagonjwa wakanyweshwa.

Florence Nightingale alikuwa ameshatilia shaka vitu vya aina hii. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliwaambia wasomaji wachemshe supu kama hiyo hadi maji yote yakauke, kisha watazame kilichobaki: kwa nusu painti ya maji, hata kijiko kimoja cha chai cha lishe hakijai. Nampenda kwa hilo, kwa sababu jaribio lake halihitaji maabara. Ni sufuria na subira. Ila hakuitupa supu kabisa. Alikubali kwamba ina kitu fulani kinachomfanyia mgonjwa vizuri, ingawa si kumlisha. Hapo naona alikuwa mkweli kuliko wengi waliomfuata.

Aliyelipa gharama kubwa ya swali hili ni rais wa Marekani. Tarehe 2 Julai 1881, James Garfield alipigwa risasi kwenye kituo cha treni mjini Washington. Risasi haikumuua siku hiyo. Madaktari walikichokora kidonda kwa vidole na vyuma ambavyo havikusafishwa, usaha ukaenea, na kufikia Agosti alikuwa anatapika kila anachomeza. Daktari wake mkuu, Willard Bliss, akaamua kumlisha kupitia njia ya haja kubwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Mchuzi wa nyama, kiini cha yai, wiski kidogo na matone ya afyuni, vyote vilisukumwa ndani kwa bomba mara kadhaa kwa siku, wiki baada ya wiki. Mwaka uliofuata Bliss aliandika kijitabu kizima kuhusu njia hiyo.

Shida ni kwamba utumbo mpana unajua kunyonya maji na chumvi. Protini ya yai ambayo haijapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba haifai kitu pale. Garfield, mwanaume aliyekuwa na zaidi ya kilo 90, alishuka hadi takriban 60. Alifariki tarehe 19 Septemba. Maambukizi ndiyo yanayotajwa zaidi, lakini ukisoma kuhusu wiki zake za mwisho unaona pia mtu aliyekuwa akikonda huku kila saa akiandikiwa kwamba amelishwa. Kila nilipofika kikombe cha nne na kuhisi siwezi, nilimfikiria yeye, nikameza.

Ugonjwa wangu ulipata jina lake mwaka 1932, pale Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walipochapisha taarifa ya wagonjwa 14. Majina yalipangwa kialfabeti, ndiyo maana leo nasema nina Crohn na si Oppenheimer. Daktari wa upasuaji wa Glasgow, Kennedy Dalziel, alikuwa ameueleza ugonjwa kama huo mwaka 1913, lakini dunia haikumsikiliza. Umaarufu ulikuja mwaka 1956, rais mwingine wa Marekani, Dwight Eisenhower, alipopasuliwa kwa sababu yake.

Kwetu Afrika Mashariki jina hilo lilichelewa kuzoeleka, na kuna sababu. Hugh Trowell, aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akaenda Uganda, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, walizunguka dunia wakieleza kwamba Waafrika wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi hawapati magonjwa mengi ya utumbo yanayowasumbua Wazungu. Kitabu walichohariri pamoja mwaka 1981 kilikuwa na jina *Western Diseases*, yaani magonjwa ya Magharibi. Mengi waliyoyaona yalikuwa kweli kwa wakati wao, na ushauri wao kuhusu nyuzinyuzi bado unafuatwa. Lakini wazo kwamba ugonjwa una kabila linadumu sana. Mimi nilitibiwa taifodi mara nne, amiba mara mbili, na nikakaribia kuanzishwa dawa za TB ya utumbo, kabla mtu hajaandika neno Crohn kwenye faili yangu. Siwalaumu sana. Hapa kwetu TB ya utumbo ipo na dalili zinafanana. Bado, miaka mitatu ni mirefu ukiwa unajua kila choo kati ya Kencom na Westlands.

Sasa hiyo poda ya kwenye kopo ilitoka wapi? Stori yake inapitia njia ya ajabu. Miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa Marekani, akiwemo Milton Winitz, walikuwa wakitafuta chakula kilichovunjwavunjwa hadi mwisho: amino asidi badala ya nyama, glukosi badala ya wanga, vitamini na madini yaliyopimwa kwa miligramu. Shirika la anga, NASA, lilipendezwa kwa sababu chakula kama hicho huacha choo kidogo sana, na ndani ya chombo cha angani hilo ni jambo la maana. Kabla ya kumpa mwanaanga, walikipima kwa wafungwa wa kujitolea huko Vacaville, California. Matokeo yakachapishwa mwaka 1965. Watu waliishi kwa miezi kwa kunywa tu, wakabaki na afya. Kile neno "kujitolea" linamaanisha kwa mtu aliyefungwa, nakuachia.

Wanaanga waliendelea kula vyakula vyao. Kinywaji chenyewe kikaingia hospitalini kwa jina Vivonex, na kila aliyekinywa alikilalamikia kwa kitu kimoja: ladha. Amino asidi zikiwa peke yake ni chungu, zina harufu, na hakuna vanila inayoweza kuzifunika.

Mwaka 1973 madaktari wa Montreal, Kanada, walitoa taarifa kuhusu wagonjwa wachache wa utumbo waliopewa chakula hicho ili wapate nguvu kabla ya kupasuliwa. Baadhi walipata nafuu kiasi kwamba upasuaji haukuhitajika tena. Hapo ndipo kikombe kilipobadilisha kazi. Mwaka 1984 Colm O'Moráin na wenzake wa Northwick Park, London, waliwachukua wagonjwa 21 wa Crohn iliyochachamaa, wengine wakapewa steroidi, wengine kinywaji pekee kwa wiki nne. Wa kinywaji hawakubaki nyuma. Baadaye ilionekana kwamba si lazima protini ivunjwe yote, kwa hivyo fomula za siku hizi zina maziwa na zinamezeka. Ulaya, mtoto mwenye Crohn huanzishiwa hiyo kabla ya steroidi, wiki sita hadi nane. Utumbo unapumua, bakteria wake wanabadilika, vidonda vinafunga. Kwa watu wazima inafanya kazi pia kama wataimaliza. Wengi hawaimalizi.

Na hapo ndipo nilipomwelewa Anti. Njaa iliisha siku ya tano. Kilichonitesa ni saa moja jioni. Nyumbani kwetu watu huongea wakiwa na kitu mkononi, wakimega, wakipitishiana bakuli la sukuma. Mimi nilikuwa nakunywa changu chumbani ili nisisikie harufu ya kitunguu. Wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kuongea na mtu yeyote kabisa, na uzito wangu ulikuwa umepanda kilo mbili. Kila kitu ambacho daktari alipima kilikuwa sawa.

Niliporudi mezani nilirudi na kikombe, na nikaomba nikoroge ugali. Wapishi wa familia wataelewa kwa nini hilo lilisaidia.

Kuna sehemu moja ya historia hii iliyofanyika karibu na sisi, na sijui kwa nini haisimuliwi. Mwaka 1983 Alexander Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg kutoka Uswidi, walichapisha utafiti kuhusu uji wa watoto. Tatizo lao lilikuwa lilelile la Nightingale. Uji mwepesi unamezeka lakini karibu wote ni maji. Ukiongeza unga unakuwa mzito, na mtoto mdogo au mgonjwa haumezi. Jibu lao lilikuwa kimea: nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, ikaanikwa na kusagwa. Inapochipua, nafaka hutoa kimeng'enya kinachokatakata wanga. Tia kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito kabla haujapoa kabisa, koroga, na mbele ya macho yako unalainika hadi unanyweka, huku unga wote uko ndani. Kikombe kilekile, chakula mara kadhaa.

Kimea ni kilekile cha busaa. Bibi zetu walikijua muda mrefu kabla ya jarida lolote, ingawa wengi wetu mjini tumebaki kukijua kwa upande wa pombe tu.

Nilimsimulia Anti haya siku moja akinikoga kwa macho, yaani ile namna ya kukupima kama umekonda. Hakushangaa. "Si mama yangu alikuwa anatupea hiyo tukiwa na surua," akasema. "Hamkuwahi kuuliza."

Wiki ya tisa daktari aliruhusu nianze kurudi pole pole: yai, wali laini, kikombe kimoja cha uji uliochujwa. Jumamosi hiyo Anti alifika na themosi. Uji ulikuwa mwembamba kama chai, wa rangi ya udongo mwekundu, na nilipoushika kikombe kilikuwa na uzito. Alivuta kiti, akajimiminia na yeye.

"Sasa kula," akasema.