Mchana wa Kupumua

Lionel Cosin alikuwa daktari wa upasuaji, si wa wazee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikabidhiwa wagonjwa wakongwe wapatao 300 huko Orsett Lodge, Essex, nchini Uingereza. Walikuwa wamelala vitandani miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliyewaza kuwainua. Cosin akawapima upya, akawafanyisha mazoezi, na wengi wakasimama. Waliorudi makwao walizua swali jipya: nani atashinda nao mchana?

Jibu lilipatikana Oxford. Mwaka 1958, katika Hospitali ya Cowley Road, mahali ambapo zamani maskini walihifadhiwa kwa kufanyishwa kazi, lilifunguliwa jengo lililojengwa mahsusi kwa wazee wa kutwa. Asubuhi wanachukuliwa, wanashinda kwenye mazoezi, kazi za mikono na mlo wa pamoja, na jioni wanalala kwao. Wagonjwa wa akili walikuwa na hospitali za kutwa Montreal na London tangu 1946, lakini sasa zamu ilikuwa ya wazee, wakiwamo waliopotewa na kumbukumbu. Tusiipambe historia, hata hivyo. Hospitali zilikuwa na shida ya vitanda, na hesabu kubwa ilikuwa ya vitanda hivyo. Binti au mke aliyepata saa chache za kupumua alinufaika, ila hakuwa yeye aliyejengewa.

Wazo la kituo cha kutwa likavuka bahari hadi San Francisco, na hapo ndipo lilipochanua. Mtaa wa Chinatown ulikuwa umejaa wazee wa aina ya pekee. Sheria ya Marekani ya 1882, iliyodumu hadi 1943, iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na wanaume wengi waliokuwa wamekwisha kuingia walizeeka bila mke wala mtoto, katika vyumba vya kupanga juu ya ngazi ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa meno William Gee na wenzake walitaka kuwajengea makao ya wazee. Wakamwajiri mtaalamu wa ustawi wa jamii, Marie-Louise Ansak, achunguze kama inawezekana. Akawajibu kuwa makao yangekuwa ghali mno na yangewang'oa wazee katika lugha, chakula na majirani wao. Badala yake aliwaelekeza kwenye mfano wa Uingereza.

Kituo cha On Lok kilifunguliwa 1973, kikiwapokea Wachina, Waitalia na Wafilipino wa mitaa ile. Magari yaliwafuata, chakula kilikuwa wanachokijua, na baadaye madaktari wakahamia humohumo. Mwaka 1983 On Lok iliruhusiwa kujaribu utaratibu wa ujasiri: kulipwa kiasi kilekile kila mwezi kwa kila mzee, na kubeba gharama zake zote, hata za hospitali. Mzee akianguka, hasara ni ya kituo. Bila shaka hakuna motisha bora ya kukarabati ngazi! Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliufanya mpango huo, uitwao PACE, kuwa wa kudumu.

Mwenye kuuguza alisubiri zamu yake. Kusahau kwa uzeeni kulihesabiwa kuwa jambo la kawaida hadi 1976, daktari Robert Katzman alipoandika makala fupi akisema wengi wa wazee hao wana ugonjwa wa Alzheimer, ambao huenda ni wa nne au wa tano kwa kuua Marekani. Miaka mitano baadaye Nancy Mace na Peter Rabins walitoa kitabu cha kuwaongoza wanaouguza, na jina lake lilizungumzia siku yenye saa 36. Wasomaji wao hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mmoja wa waliouelewa mzigo huo alikuwa George Glenner, mtafiti wa San Diego. Mwaka 1982 yeye na mkewe Joy walifungua kituo cha kutwa cha wenye Alzheimer, mojawapo ya vya kwanza nchini, na familia za wagonjwa zilikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Miaka miwili baadaye, maabarani, Glenner na Cai'ne Wong waliitambua protini ya beta-amiloidi inayoganda katika ubongo wa wagonjwa hao. Mwaka 1995 Glenner alifariki kwa ugonjwa mwingine wa amiloidi, uliomshika mwilini.

Warithi wa kazi yake walifungua Glenner Town Square mwaka 2018, ndani ya bohari huko Chula Vista. Ni mji mdogo wa miaka ya 1950, wenye mgahawa, sinema na gari la Ford Thunderbird, uliochongwa na mafundi wa mandhari wa opera ya San Diego. Kumbukumbu za ujana ndizo hukawia kufutika, kwa hiyo mgonjwa hupata la kusimulia. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu; anayezungumza na mgonjwa huyo mchana kutwa huenda akaona vingine.

Malipo ndiyo yaliyobaki nyuma. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa Marekani, kwa kawaida hailipii vituo vya kutwa. Julai 2024 ilianza majaribio ya miaka minane, GUIDE, ambamo baadhi ya familia zinazouguza wenye demensia, kama ya Alzheimer, hupata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumpumzisha anayeuguza. Kituo kikitoza dola 100 kwa siku, hizo ni siku 25.