Huduma Iliyofuata Taasisi: Historia ya Mgawanyo wa Stahili kwa Familia zenye Watoto Wenye Ulemavu, Magamba na Wilaya ya Mpanda, 1950–2020

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu ustawi wa watoto wenye ulemavu nchini Tanzania aghalabu huanza na suala la uhaba wa fedha, wataalamu na vifaa. Uhaba huo upo, lakini hautoshi kueleza kwa nini familia mbili katika kata moja, zenye watoto wenye ulemavu unaofanana, zinaweza kupata msaada usiolingana. Insha hii inajenga hoja kwamba chanzo kikuu cha tofauti hiyo ni cha kihistoria. Tangu enzi ya ukoloni hadi mpango wa sasa wa kunusuru kaya maskini, msaada umefungamanishwa na taasisi: shule ya misheni, makazi ya wakimbizi, ofisi ya mtendaji au orodha ya kaya. Ni mara chache umefungamanishwa na mtoto mwenyewe. Hoja hii inapimwa kwa kuitazama kata ya Magamba ndani ya historia ya Wilaya ya Mpanda, kwa kuzingatia sheria, sera na taratibu za mipango husika.

2.0 Reli, Misheni na Makazi

Huduma za mwanzo kwa watoto wenye ulemavu zilitolewa na makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Zote zilikuwa nje ya Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, iliiunganisha wilaya na Tabora. Kwa mzazi wa Magamba mwenye mtoto kiziwi, basi, kupata elimu kulimaanisha kupata taarifa, nauli, na moyo wa kumwacha mtoto mdogo bwenini, mbali na nyumbani. Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili hakuwa hata na safari ya namna hiyo ya kufikiria, kwa kuwa shule hizo ziligawanywa kwa aina ya ulemavu.

Mipaka ya utawala nayo ilibadilika. Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora hadi mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa wenye makao makuu Sumbawanga, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi. Hivyo kwa takriban miaka 38 reli ilielekea Tabora ilhali ofisi za mkoa zilikuwa Sumbawanga.

Katika kipindi hichohicho wilaya ilipokea wakimbizi kutoka Burundi. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kilutheri la TCRS. Huduma za makazi zilipangwa kwa kuzingatia hadhi ya ukimbizi na mpaka wa eneo. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake za kibinadamu, lakini unathibitisha kanuni ileile: kilichofungua mlango wa huduma kilikuwa mahali pa kuishi na hadhi ya mkazi.

3.0 Sheria za Mwaka 1982: Wajibu Unarudi Nyumbani

Kufuatia Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, 1981, Bunge lilitunga sheria mbili mwaka 1982. Sheria Na. 2 ilihusu ajira na iliweka kiwango cha asilimia 2 kwa waajiri wakubwa. Sheria Na. 3 ilihusu matunzo, nayo iligawa wajibu kati ya familia, serikali na mashirika. Tofauti kati ya sheria hizo ina uzito. Mtu mzima aliyeweza kuajiriwa aliwekewa kiwango kinachohesabika, lakini mtoto aliwekewa wajibu wa watu wengine. Kwa kuwa familia ndiyo iliyokuwa karibu naye kila siku, mzigo uliangukia hapo. Damu nzito kuliko maji, lakini msemo huo hauwezi kusimama badala ya bajeti.

Sera ya Taifa ya mwaka 2004 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 zilibadili lugha kutoka hisani kwenda haki. Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Hata hivyo, sheria ya 2010 bado inawataja ndugu kuwa na wajibu wa kutoa msaada, na haikuweka malipo ya kudumu yanayomfuata mtoto popote alipo.

4.0 Msamaha Unaokoma

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulioanza mwaka 1993 uliambatana na misamaha. Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa kwa kigezo cha umri. Wasiojiweza walisamehewa baada ya kuthibitishwa na viongozi wa eneo au maofisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto mwenye ulemavu, vigezo hivi viwili ni ngazi mbili tofauti kabisa. Kabla ya miaka mitano mama huhitaji tu kuonesha umri wa mtoto. Baada ya hapo huhitaji kuthibitisha ufukara wake mbele ya mtu anayemfahamu, au asiyemfahamu. Msamaha wa umri hukoma, ulemavu haukomi. Katika ngazi hii ya pili, uhusiano wa familia na uongozi wa kijiji au mtaa huanza kuamua nani atibiwe bila malipo.

5.0 Kaya Kama Mlango wa Stahili

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF ulipanua msaada kuliko mpango wowote uliotangulia. Kipindi cha kwanza kilifikia vijiji, mitaa na shehia 9,960, yaani takriban asilimia 70. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020, kililenga kufikia maeneo yote. Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, kipimo cha mpango ni kaya. Kaya hutambuliwa katika mkutano wa hadhara, kisha hali yake hupimwa kwa vigezo vya umaskini. Mzazi asiyeweza kumwacha mtoto peke yake, au anayemficha kwa kuogopa maneno ya majirani, yumo hatarini kukosekana katika hatua ya kwanza.

Yapo matatizo mengine mawili ya kimuundo. Kwanza, sehemu ya ruzuku ilifungamanishwa na mahudhurio ya shule ya asilimia 80. Mtoto ambaye hakuna shule ya karibu inayomfaa hawezi kuiletea kaya yake sehemu hiyo. Pili, kaya zenye nguvu kazi hupangiwa kazi za muda katika miradi ya jamii, na zisizo nayo hupewa msaada wa moja kwa moja. Kwa mantiki ya kigezo hicho, mama mwenye afya njema huhesabiwa kuwa nguvu kazi, ingawa siku yake nzima imekwisha kutumika kumlisha, kumbeba na kumwogesha mtoto. Kazi ya malezi haionekani katika hesabu, na kwa kutoonekana huko umaskini wake hupunguzwa kwenye karatasi.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kuongeza fedha bila kubadili mlango wa kuingilia kutaongeza walengwa lakini kutaacha mpangilio uleule wa waliopata na waliokosa. Mifano mbadala ipo jirani. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuwapima umaskini. Kenya, tangu mwaka 2011, hutoa fedha kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa kupitia walezi wao. Mfano wa Kenya unamtambua mlezi lakini bado unapima umaskini; wa Zanzibar unamfuata mtu lakini unahusu uzee. Stahili ya mtoto mwenye ulemavu ingehitaji kuunganisha sifa zote mbili: imfuate mtoto, na imtambue anayemlea. Upimaji wa ulemavu ungebaki kuwa kazi ngumu, hasa panapokosekana wataalamu. Lakini swali ambalo mama wa Magamba angeulizwa lingebadilika: badala ya kuulizwa kaya yake imeandikwa wapi, angeulizwa mtoto wake anahitaji nini.