Ziwa Lilipohamia Mjini

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeimbishwa tangu darasa la pili, na mara zote walimu waliitumia kwa jambo la heri: weka akiba, soma kidogo kidogo, jenga tofali moja moja. Lakini, ndugu msomaji, kuna mji mmoja huko Marekani ambako kibaba kilijaa kimyakimya kwa wiki sita, na siku kilipomwagika kikaondoka na roho za watu wapatao 29. Mji huo unaitwa Buffalo. Ziwa lililo kando yake linaitwa Erie. Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe 28 Januari 1977.

Wengi wakiisikia habari hii husema, "Ah, theluji ilianguka nyingi mno." Hapana bwana. Siku ile na nyingine nne zilizofuata, theluji mpya iliyopimwa uwanja wa ndege wa Buffalo ilikuwa sentimita 30 hivi tu. Kwa watu wa kule sentimita 30 si kitu, ni kama sisi kunyeshewa mvua ya alasiri. Sasa ilikuwaje sentimita 30 zikafukia magari, zikafikia madirisha ya ghorofa na kuufunga mji mzima kwa zaidi ya wiki? Jibu halimo katika Ijumaa ile. Limo katika siku zilizotangulia, na ndizo ninazotaka tuziangalie.

Tuanze na ziwa lenyewe. Erie ni mojawapo ya maziwa makuu matano ya Amerika ya Kaskazini, na linagawanya Marekani na Kanada. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 25,700, maana yake Ziwa Victoria lingeweza kulimeza mara mbili na nafasi ikabaki. Limelala kama mtumbwi mrefu wa kilomita 388, ncha moja ikielekea kusini-magharibi na nyingine kaskazini-mashariki. Buffalo imekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki. Na upepo mkali wa majira ya baridi, mara nyingi, unatoka kusini-magharibi. Kwa hiyo chochote upepo utakachokikusanya juu ya mtumbwi huo, Buffalo ndiyo inayopokea.

Anayekaa Bukoba au Kisumu hahitaji kufundishwa kwamba ziwa kubwa linatengeneza hali yake ya hewa. Kule Erie mambo huwa hivi: upepo wa baridi unapita juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu wa kiangazi, unayanywa, halafu ukifika nchi kavu unayatapika kama theluji. Lakini Erie lina kina kifupi kuliko wenzake wote wanne, wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo huganda upesi. Likishaganda, bomba limefungwa. Upepo haupati tena maji ya kunywa, na watu wa Buffalo huanza kupumua.

Mwaka 1976 baridi ilikuja mapema kuliko kawaida. Ilipofika tarehe 14 Desemba, ziwa lilikuwa limeganda. Hapo kila mtu angeweza kusema, haya, mwaka huu tumepona.

Kumbe ndio kwanza kibaba kilikuwa kinaanza kujaa. Tangu Krismasi theluji iliendelea kuanguka karibu kila siku, inayoletwa na mawingu ya mbali. Iliyoanguka mjini ilikanyagwa, ikapigwa koleo, ikasukumwa pembeni. Iliyoanguka juu ya ziwa haikuguswa na mtu. Baridi nayo haikulegea hata siku chache ili theluji ile iyeyuke juu na kushikamana. Ikabaki kavu na nyepesi kama unga wa sembe. Hebu fikiria sinia kubwa la barafu, kilomita elfu na elfu, limejazwa unga na kuwekwa wazi mbele ya mlango wako, na mlango wenyewe unaelekea upepo unakotoka.

Hicho kilikuwa kibaba cha kwanza. Cha pili kilikuwa kinajaa ndani ya mji wenyewe, na hicho hakikuwa cha mbinguni.

Buffalo ilikuwa na enzi zake. Mwaka 1825 ulipofunguliwa mfereji wa Erie, mji huo ukawa mlango kati ya maziwa makuu na New York. Ngano ya bara ilipitia pale, na mwaka 1842 ndipo lilipojengwa ghala la kwanza la nafaka linalopakuliwa kwa nguvu za mvuke badala ya migongo ya makuli. Baadaye vikaja viwanda vya chuma. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 580,000. Lakini mwaka 1959 ilifunguliwa njia mpya ya meli kupitia mto St. Lawrence, meli zikawa zinapita moja kwa moja hadi baharini bila kuhitaji kushusha mizigo Buffalo. Kazi zikapungua, na viwanda vikaanza kuyumba. Wenye uwezo wakahamia vitongoji vya nje. Mwaka 1980 walipohesabiwa tena, walikuwa wamebaki kama 358,000.

Mji uliokimbiwa na watu hukimbiwa na kodi pia. Majira yale ya baridi sehemu kubwa ya magari ya manispaa ya kuondolea theluji ilikuwa gereji, mbovu. Mitaa midogo ilikuwa haijasafishwa kwa siku nyingi. Magari yaliyokwama yaliachwa pale pale barabarani, na greda likija halina pa kupita. Juu ya hayo, nchi nzima ilikuwa na uhaba wa gesi ya kupashia moto nyumba, na baadhi ya shule na viwanda vilikuwa vimefungwa ili gesi ibaki kwa ajili ya majumbani. Huo ndio mji ulioamka Ijumaa ile: umechoka, umejaa matuta ya theluji ya zamani, na mashine hoi.

Asubuhi haikuwa mbaya. Nyuzi tatu chini ya sifuri, na kwa Januari ya kule hiyo ni asubuhi ya kumshukuru Mungu. Watu wakaenda makazini. Ilipokaribia saa sita mchana ukaja upepo. Uliovuma kwa nguvu zaidi ulipimwa kilomita 111 kwa saa. Joto likaporomoka, na baada ya saa chache tu ikawa nyuzi 18 chini ya sifuri. Na ule unga wote wa ziwani ukainuka.

Ndipo kimbembe kilipoanza. Ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Ukifungua mdomo unajaa unga wa barafu. Madereva walisimama walipokuwa kwa sababu hakuna aliyejua mbele kuna nini, na gari lililosimama likawa kama jiwe mtoni: theluji inaligonga na kutua, mpaka linafunikwa. Wako walioshuka wakaenda kwa miguu, wakashindwa kufika hata jengo la jirani. Wako waliobaki ndani na kuwasha injini wapate joto. Lakini bomba la moshi likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani ya gari, na moshi ule huua taratibu huku mtu akidhani anasinzia. Theluji ilipochimbwa, watu tisa walikutwa wamekufa ndani ya magari yao.

Maelfu ya wafanyakazi walilala maofisini katikati ya mji, madukani na popote palipokuwa na mlango uliokubali kufunguka. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kanada, katika miji kama Port Colborne na Fort Erie, walimu na wanafunzi walilala madarasani kwa kuwa basi lisingeweza kutoka. Dhoruba haikuwa ya siku moja. Ilivuma mpaka Jumanne, tarehe 1 Februari. Siku hizo tano zilimaliza zile sentimita zote za wiki sita: lile ziwa, kwa maana ya theluji yake, likahamia mjini. Mahali pengine chungu za theluji zilifika mita 9, ngumu kiasi cha kutembelewa. Katika bustani ya wanyama ya Buffalo chungu hizo zilifunika ua, na wale wanyama wenye pembe ambao kwenye kadi za Krismasi humvutia gari Baba Krismasi walipanda juu ya theluji, wakavuka ua wao na kwenda zao mjini. Watu wa kule bado wanakisimulia kisa hicho wakicheka, na si vibaya. Msiba wowote wa kweli huwa na mahali pa kuchekea.

Rais Jimmy Carter alikuwa na siku nane tu Ikulu dhoruba ilipopiga. Tarehe 2 Februari alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sweta, akawaomba Wamarekani wapunguze moto majumbani, mchana na hasa usiku, kwa ajili ya uhaba wa gesi. Siku chache baadaye alitangaza eneo la Buffalo kuwa la maafa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Marekani theluji kupewa tangazo la namna hiyo, kwani kabla ya hapo theluji ilihesabiwa kuwa jambo la kawaida, kila mji upambane na yake. Wakaja wanajeshi na makatapila. Wakachimba mtaa baada ya mtaa, kwa tahadhari, maana chini ya kila tuta paliweza kuwa na gari, na ndani ya gari mtu.

Sasa labda utauliza, habari hizi za baridi ya Wamarekani zinanihusu nini mimi mtoto wa mjini ninayetokwa jasho kijiweni?

Zinakuhusu kwanza kwa sababu watu wetu wako kule. Miaka hii ya karibuni Buffalo imepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo, Waburundi na Wasomali, na leo ukipita baadhi ya mitaa ya mji ule utasikia Kiswahili. Nao wameonja. Kuanzia tarehe 23 Desemba 2022 dhoruba nyingine iliupiga mji huo siku za Krismasi. Safari hii ziwa lilikuwa halijaganda, bomba lilikuwa wazi, na theluji mpya kabisa ikafika zaidi ya mita moja. Watabiri wa hali ya hewa walitoa onyo siku kadhaa mapema. Pamoja na hayo, amri ya kuzuia magari ilitangazwa asubuhi ile ile, chini ya saa moja kabla ya kuanza kutumika, watu wengine wakiwa wameshakwenda kazini. Ambulensi na magari ya zimamoto yalikwama. Katika wilaya ile walikufa watu zaidi ya 40, na kati ya waliofia ndani ya mji wa Buffalo, zaidi ya nusu walikuwa Wamarekani Weusi.

Je, upepo unabagua rangi? Haubagui. Lakini upande wa mashariki wa mji, walikobanwa Weusi kwa miaka mingi, una nyumba kuukuu zisizozuia baridi na maduka makubwa ya chakula ya kuhesabika. Asiye na akiba jikoni lazima atoke. Asiye na gari atatoka kwa miguu. Mambo hayo hayakuletwa na upepo wa Desemba. Yalikuwa yameshaanguka zamani, yamelala tu, yanasubiri upepo.

Hapo ndipo hadithi za miaka hii miwili zinapokutana, ingawa theluji ya mmoja ilikuwa ya zamani na ya mwingine mpya. Upepo huja na kilichokwisha kuwekwa. Ulikuta greda bovu mwaka 1977, ukakuta amri ya dakika za mwisho mwaka 2022, na mara zote mbili ukawachukua wale waliokuwa nje kwa kukosa pa kwenda.

Na jambo la pili ni letu sisi tunaoota kuandika. Tukiandika juu ya mafuriko, ajali ya meli au moto sokoni, mkono unawasha kuanza na mayowe. Tunataka msomaji ashtuke ukurasa wa kwanza, kasheshe ianze mapema. Sawa, lakini siku ya mayowe ni siku ya mwisho ya hadithi. Mwandishi anayetaka kujua nani aliua aende nyuma: aulize mtaro ule uliacha kuzibuliwa lini, meli ile ilipakia kupita kiasi mara ngapi bila ajali, nani aliona na akanyamaza. Hizo ni siku zisizo na kelele, na kuziandika zisichoshe si mchezo. Hata hivyo ndizo zenye watu ndani yake, watu ambao bado wangeweza kuchagua. Siku upepo ukishavuma, hakuna tena wa kuchagua kitu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Buffalo walijenga ukuta, wa theluji, mita 9 kwenda juu. Sisi hatuna theluji. Nyufa tunazo, na anayetaka kuandika riwaya yake ya kwanza asitafute mbali.